Finjani ya Aija na Kikomo cha Mishahara

Jamani, aibu nyingine mtu unaizika ukaisahau, lakini hii yangu imekataa kuzikika, maana kila nikiingia kwenye harusi hapa Ibra, hata harusi za watu nisiowajua vizuri, lazima atokee mmoja anipigie kelele kutoka upande wa pili wa majlisi, "Seif, kunywa, haja yako imekwisha!" na watu wote waangue kicheko, na mimi nicheke nao, nifanyeje. Leo naisimulia kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu hiyo inayosimuliwa mitaani ni nusu tu, na nusu ya pili nilikatazwa kuitoa muda wote Mzee Juma alipokuwa hai. Sasa Mzee ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na mwanawe Mubarak amenipa ruhusa. Aliniambia, "Sema, lakini usijifanye shujaa." Nitajaribu, ila ahadi sitoi.

Mimi nimezaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na kama kulikuwa na kitu kilichotuzidi Buyenzi kuliko vumbi basi ni mpira wa kikapu. Tulicheza asubuhi, tulicheza mvua ikinyesha, tulicheza na wazee wetu wakitufuata uwanjani na mikwaju. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tukahamia Oman, tukakaa Ibra, kwao babu yangu (babu ambaye mimi sikuwahi kumwona), nikapata kazi ya uhasibu kwenye kampuni moja. Miaka ikapita, klabu ya pale ikaanzisha timu ya kikapu ya kulipwa, wakatafuta mtu anayejua mpira na anayejua hesabu, basi nani mwingine? Wakanipa umeneja. Sikuuomba, lakini sikuukataa pia, na wiki ile ile nilikwenda kushona dishdasha mpya tatu, zile kanzu za huku.

Sasa, mtu asiyejua anadhani kazi ya meneja ni kusimama pembeni mwa uwanja na kumtukana refa. La! Kazi ni kikomo. Mfadhili wetu, tajiri mmoja wa marumaru mwenye ofisi Izki (mama yake mtu wa Ibra, ndiyo maana alitupenda), jina lake tukimwita Abu Majid, alisema neno moja tu: mishahara ya wachezaji wote ikijumlishwa ina kikomo chake, na siku orodha ya msimu ikivuka kikomo hicho, hata kwa riali moja, yeye anafunga mkoba wake na timu ndiyo imekufa. Na pale klabuni watu wa futboli walikuwa wanatuombea dua mbaya tuvuke, maana walishaanza kuzihesabu pesa zetu kwa ajili ya nyasi za uwanja wao. Kwa hiyo wachezaji wote, na wake zao, na watoto wao, walikuwa wananing'inia kwenye kalamu yangu. Mtu hujikuna ajipatapo, wahenga walisema, na mimi nilikuwa bingwa wa kujua mkono wetu unafika wapi.

Ndipo nikatunga Mpango. Niliuita hivyo tu, Mpango, na kila nikilitaja jina hilo nilikuwa nanyoosha kilemba. Klabu nyingine zilikuwa zinafikiria mechi ya Alhamisi ijayo, mimi nilikuwa nimeshafika miaka mitatu mbele. Msimu unaokuja tutamwacha Mubarak, ambaye ndiye mwenye mshahara mkubwa kuliko wote, na kwenye nafasi yake tutamleta Msudani mmoja mrefu ambaye nilishazungumza naye na kumpa neno langu. Msudani alikuwa bei rahisi kidogo, kwa hiyo itabaki chenji, na ile chenji hatuigusi, tunaiweka mpaka msimu wa pili tumwongezee Hilal, mchezesha timu wetu, kabla klabu za Maskati hazijamnyakua. Msimu wa tatu wakongwe wawili wanastaafu, vijana wa skuli wanapanda, na kikomo hakijaguswa. Niambieni kama hiyo si akili. Hata leo nikiufikiria naona ulikuwa mzuri.

Huyo Mubarak alikuwa mtu wa Sur, upande wa Aija, ng'ambo ya khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Mrefu mpaka milangoni anainama, mikono mipana, na katika ujana wake hakuna aliyeweza kumsogeza chini ya kikapu. Lakini magoti yalikwisha. Msimu uliopita alikuwa akishuka ngazi za uwanja kwa ubavu kama mwanamke mja mzito, na mshahara ulikuwa bado ni ule wa magoti mazima. Nilimpenda, wallahi nilimpenda, lakini pale klabuni niligonga meza mbele ya kila mtu nikasema, "Kikomo ni kikomo. Hata angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja ningemwacha." Na watu wa futboli wakanipigia makofi, nikayafurahia, sikujua wananichora.

Hamed, katibu wa klabu, mtu wa Ibra wa asili aliyejifunza Kiswahili kwa bibi yake, alinishauri jambo la maana kabisa. "Mpigie tu, Seif. Jiesem yake iko, namba iko." (Jiesem ndiyo simu ya mkononi, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiiita.) Mimi nikamtazama Hamed kama anayetazama mtu asiye na adabu. Nikamwambia hayo ni mambo ya kihuni, kwamba Mubarak ana baba, na baba yake ni mtu mzima anayeheshimika, na sisi tutakwenda mpaka Aija tukamweleze yeye kwanza, uso kwa uso, kwa heshima. Hayo yote yaliyonipata, jamani, yalianzia hapo, kwenye heshima. Ningepiga simu ningekuwa mtu mzima leo.

Basi tukaondoka Alhamisi mchana, Hamed anaendesha, mimi nimevaa dishdasha nyeupe kuliko zote tatu. Na kitu kimoja sikumwambia Hamed: nilikuwa nimefunga. Ilikuwa Shawali, nilikuwa kwenye zile saumu sita za baada ya Ramadhani, na mama yangu alitulea kwamba saumu ya sunna ni siri yako na Mola wako, ukiitangaza umeshaipaka ria, kujionyesha kwa watu. Kwa hiyo Hamed akinipa maji nasema sina kiu, akinipa karanga nasema meno, na tukapita Bidiya, tukapita Kamil, tukaingia Sur watu wakitoka kusali Alasiri, tukasali, tukaizunguka khori kwa gari tukatokea Aija.

Mzee Juma alitupokea mlangoni. Nyumba ya zamani, ya wafanyabiashara wa zamani, chokaa imeanza kubanduka lakini mlango wake unang'ara. Ujanani alikaa Unguja kwa mjomba wake mwenye duka mtaa wa Malindi, na Kiswahili chake kilinitia haya mimi niliyezaliwa nacho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, marahaba mwanangu. Karibuni, tafadhali ingieni. Nyumba yenu hii. Hamed, hujambo baba? Wazee hawajambo? Khasa mmefanya jambo kubwa kunijia."

Tukakaa chini kwenye zulia, tukaulizana hali mpaka hali zikaisha, ikaja halua, zikaja tende, nikawa nazisogeza kwa vidole kama ninayechagua. Halafu ikaja kahawa. Na nani aliyeileta? Mubarak mwenyewe! Mtu tuliyekuja kumfukuza kazi ndiye aliyeingia ameshika dele la kahawa mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, kainama kwa sababu ya boriti, goti moja linamwuma naona kabisa, anatumiminia kahawa kwa tabasamu kama vile tumekuja kumposea mke. Roho ikanisuta. Nikaipokea finjani, maana kukataa kahawa mkononi mwa mwenyeji ni ufedhuli, nikasema ahsante, na kwa kuwa nimefunga, nikaiweka mbele yangu, chini kwenye zulia, taratibu.

Nyinyi mliolelewa huku mmeshashika vichwa. Mimi nililelewa Buyenzi, na Buyenzi ukiweka kikombe chini maana yake ni moto, unasubiri kipoe. Kumbe huku mgeni akipewa kahawa akaiweka chini asiinywe, ameshasema maneno makubwa bila kufungua mdomo: nina haja kwako, bwana, haja nzito, na kahawa yako siinywi mpaka unipe. Na mwenyeji akimwambia kunywa, ameshampa. Kuna watu wamesamehewa damu kwa finjani. Kuna watu wameozwa.

Hamed yeye alijua. Aligeuka akaitazama finjani yangu, akanitazama mimi, na (aliniambia baadaye) akajisemea, huyu Seif kumbe mjanja, amekuja kumwomba Mzee radhi ya kumwacha mwanawe, na anaiomba kwa njia ya kiungwana. Akaona si vizuri aniache peke yangu. Na yeye akaiweka yake chini.

Mzee Juma akainama. Akazitazama zile finjani mbili, akajiweka sawa pale alipokaa, akamwambia Mubarak kwa sauti nyengine kabisa, "Mwite ami yako Saleh. Waite na majirani." Mimi nikafikiri, angalia hawa watu wanavyoiheshimu klabu yetu! Nikanyoosha kilemba. Wakaanza kuingia, wazee kwa vijana, mmoja mmoja, mkono kwa mkono, yule Saleh na tumbo lake na saa yake ya dhahabu, majlisi ikajaa mpaka mlangoni, na kila anayeingia anatazama chini, anaziona finjani, anakaa kimya. Hakuna aliyekunywa.

"Seif mwanangu," Mzee akasema, "kunywa kahawa yako."

"Ahsante Mzee. Baadaye, inshallah."

Pakapita mnong'ono.

"Kunywa. Haja yako imekwisha."

"Haja gani, Mzee? Mimi hata sijasema neno."

Nilisema kwa upole kabisa, lakini Hamed aliniambia yale maneno yalisikika kama maneno ya mtu anayesema, hicho ulichotoa hakinitoshi. Mzee akatabasamu. "Huna haja ya kusema. Nnajua kilichokuleteni. Watu wa klabu ya Nizwa wameleta maneno, wanamtaka Mubarak, na mshahara wameshautaja. Na nyinyi mmekuja kuniomba nisimtoe. Basi wallahi simtoi. Mubarak ni wenu."

Nizwa wanamtaka! Nizwa, na magoti yale, na mshahara juu! Maana yake Mubarak angeondoka mwenyewe na furaha yake, kikomo changu kingebaki salama, Msudani angeingia, hakuna chozi, hakuna aibu, Mpango ungekwenda peke yake kama maji kwenye mfereji wa falaji. Nikafungua mdomo nimwambie wapeni Nizwa, Mzee, wapeni leo leo, lakini ulimi ulikuwa mkavu kwa saumu na kwa mshtuko, kikatoka kitu kama "mmh, Mzee, mimi…" na mkono wangu haukwenda kwenye finjani.

"Bado hunywi?" akasema yule Saleh. "Huyu mgeni mgumu!"

"Mwache," Mzee akasema, na sasa alikuwa amenyooka mgongo kama mtu wa miaka thelathini. "Si Mubarak tu. Mjukuu wangu Yusuf, yule pale, naye mchukueni kwenye timu." Na kweli akasimama kijana mrefu nyuma kabisa, akanipungia mkono. Huyo hakuwamo hata kwenye mwaka wa tatu wa Mpango! Kwa nini sikusema nimefunga? Nimejiuliza mara nyingi. Dakika ya kwanza niliona ni ria, na dakika ya kumi niliona nitamuumbua mzee wa watu, amekusanya mtaa mzima kwa ajili ya haja ambayo haipo. Basi nikawa nimekaa kama jiwe, jasho linaingia kwenye dishdasha mpya, na Mzee anapandisha.

"Msimu mmoja hautoshi? Basi miwili. Haitoshi? Mitatu! Miaka mitatu Mubarak hatoki Ibra, maadamu mimi nahema, na watu hawa wote mashahidi!"

Na hapo hapo, ndugu zangu, ikaadhiniwa Magharibi.

Sikufikiri. Mtu aliyefunga akisikia adhana mkono unakwenda wenyewe. Nikatia tende mdomoni, nikasema bismillahi, nikaichukua ile finjani nikaimeza kahawa yote kwa mkupuo mmoja.

Majlisi ikalipuka. "Allahu akbar! Mabruk, mabruk!" Kutoka ndani wanawake wakapiga vigelegele. Saleh akanikumbatia, Hamed akanywa yake haraka huku macho yamemtoka, na Mzee Juma akanibusu kichwani, mimi, kichwani. Katika ghasia hiyo yote Mubarak alinijia na gilasi ya maji ambayo sikuiomba, akanipa, akaenda zake.

Ndani ya gari Hamed aliendesha huku akinitupia jicho mpaka tulipouacha mji. Halafu akasema, "Seif. Niambie haki ya Mungu. Kwa nini umeweka kikombe yako chini?"

"Nilikuwa nimefunga."

Akasimamisha gari pembeni mwa barabara. Akashuka, akalizunguka gari, akarudi akakaa, akashuka tena. Kisha akanieleza maana ya finjani, na akaniuliza, "Wewe umelelewa wapi?"

"Bujumbura."

"Na Bujumbura hakuna watu?"

Ijumaa, kabla sijafika msikitini, habari ilikuwa imefika Ibra kwa jiesem. Meneja aliyegonga meza kwamba angemwacha ndugu yake, amekwenda Aija akaweka finjani chini kumlilia mchezaji kilema, na kakubali na mjukuu juu! Watu wa futboli walijipanga njiani, huyu "kunywa", yule "kunywa", hata imamu naona alitabasamu. Mama yangu nilipomwambia alinitazama sana, akasema, "Siri ya saumu niliyokufundisha ni ya kumficha jirani, Seif, si ya kumtia mtu hasara." Na hasara ilikuwepo. Nikikaa na Mpango naona Mubarak na mshahara wake, na Yusuf, na Msudani niliyempa neno langu anayesubiri tiketi, jumla yao inavuka kikomo hata ukifumba jicho moja. Nimwache Msudani, nimevunja neno langu. Nimwache Mubarak, nimevunja neno la Mzee Juma mbele ya Aija nzima. Niwaweke wote, timu inakufa na wachezaji wote wanarudi majumbani. Wiki ile chakula hakikunipita kooni, na safari hii sikuwa nimefunga.

Siku ya kuipeleka orodha kwa Abu Majid nilifika Izki mapema, nikaingia kwenye mkahawa wa Mmalabari mmoja karibu na maduka ninywe chai nijipe moyo. Nikamkuta Mubarak. Amekaa, mguu mmoja kaunyoosha juu ya kiti cha pili, ananisubiri.

"Mimi nilijua, Seif," akasema kabla sijakaa.

"Ulijua nini?"

"Mmekuja kuniacha. Hii magoti ni yangu, si nayajua? Mimi ningekuwa meneja, ningejiacha zamani. Na nilijua umefunga. Nimekumiminia kahawa, nimeona midomo yako, kavu, nyeupe."

Nilitaka kumrukia. "Basi kwa nini hukusema? Neno moja tu! Ungekuwa Nizwa sasa hivi, na mshahara wako!"

Akakizungusha kikombe chake cha chai. "Babangu zamani watu walikuwa wanamjia. Wanataka shauri, wanataka msaada, wanataka awaombee kwa mtu. Sasa wanakwenda kwa ami Saleh, Saleh ana malori. Miaka hiyo yote hakuja mtu kumwomba babangu kitu. Wewe umekuja, umeweka finjani, mbele ya Saleh. Ulimwona babangu alivyokaa?"

Nilimwona. Nilimkumbuka alivyonyooka mgongo.

"Nenda Nizwa," nikamwambia. "Nitakwenda mwenyewe kwa Mzee, nitasema nimekosea, anicheke mimi."

"Wapi! Neno lake limeshatoka. Mimi nicheze bure, afadhali, kuliko neno la babangu lianguke." Akaegemea mbele. "Niandike mshahara ule mdogo kabisa, wa chini kuliko wote. Yusuf amalize skuli, apande mwaka wa tatu na wale wengine. Si una mpango, wewe? Lakini babangu asijue mambo ya mshahara. Na watu wasijue. Ukiwaambia wawili, wa tatu atakuwa babangu."

Sasa fikirieni. Mimi, mtu niliyejisifu mpaka kwa wauza samaki, naambiwa nimeokolewa, na naambiwa ninyamaze! Nilikubali, lakini nilikubali kwa shida, sitawadanganya.

Ofisini kwa Abu Majid alikuwepo mwenyekiti wetu, Hamed, na watu wawili wa futboli waliokuja kushuhudia mazishi. Nikaubandika Mpango ubaoni. Walipoona jina la Mubarak, msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, yule mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. "Amekwenda kumwacha, karudi amemuoa!" Abu Majid mwenyewe akauinamia ule mshahara mdogo, akauliza, "Huu ni wa Mubarak au ni wa goti lake moja?" Wote chali kwa kicheko. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Neno moja tu lingewanyamazisha, lilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi, na mimi nililelewa kujibu, wallahi sijazoea kuchekwa na mtu wa futboli.

"Na kwa nini abaki?" Abu Majid akauliza, sasa hacheki. "Hawezi hata kukimbia."

"Mimi ndiye ninayemtaka," nikasema.

"Sababu?"

"Hiyo ndiyo sababu."

Mwenyekiti akaangalia dari. Abu Majid akavuta mashine yake ya hesabu, akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena, maana hakuamini kwamba mpumbavu kama mimi anaweza kuwa ndani ya kikomo. Nilikuwa ndani. Msudani ndani, Hilal ndani, Mubarak ndani, na chenji ya Hilal ya msimu wa pili bado ilikuwepo, ingawa imepungua. "Hesabu imekaa," akasema. "Akili ndiyo sijui." Akatia saini. Watu wa futboli wakaondoka bila kuaga, na mimi nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya gari la Hamed, kwa furaha au kwa hasira, sijui, pengine vyote viwili.

Mkiniuliza nilichopata kwenye mkasa huu, nitawaambia kwamba tangu hapo nikitaka kumwacha mchezaji napiga simu, na nimeapa sitoingia tena nyumba ya mtu kumpangia mwanawe maisha huku natazama dishdasha yangu. Lakini aibu yenyewe siijutii, na ngoja niwaambie kwa nini.

Msimu ule Nizwa walikuja Ibra, na Mzee Juma akaletwa kutoka Aija kutazama. Alivaa kama siku ya Idi, kilemba cha rangi, khanjari kiunoni, akakaa mstari wa mbele, na pembeni yake akakaa mzee mmoja wa klabu ya Nizwa aliyekuja na wageni. Mubarak alikuwa benchi muda mwingi, anamwelekeza Msudani kwa mikono, sogea, kaa, mpe mgongo (yule Msudani alijifunza kwa Mubarak kuliko kwa kocha, na hilo halikuwamo kwenye Mpango wangu). Mwishoni Msudani akafikisha makosa matano akatolewa, Mubarak akaingia. Hakuruka, hakukimbia, alisimama tu chini ya kikapu akawapa mgongo vijana wa Nizwa, wakamsukuma, hakusogea, akauchukua ule mpira na uliofuata. Tulishinda, msiniulize kwa pointi ngapi, zilikuwa chache.

Mzee Juma akamgeukia yule mzee wa Nizwa, akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa, "Huyu mwanangu nyinyi mlimtaka kwa pesa. Hawa walinijia nyumbani. Meneja wao mwenyewe alikuja kuniomba, mbele ya watu." Kisha akageuka kunitafuta. Nyuma yangu walikuwepo wale wawili wa futboli, nawasikia wameshaanza kuguna, wanangoja nifungue mdomo wacheke.

"Si kweli, Seif?"

Nikasimama. "Kweli, Mzee," nikasema. "Nilikuja mwenyewe kumwomba." Na sikusema kwa sauti ndogo. Nilitaka wasikie mpaka wale wa Nizwa waliokaa juu kabisa karibu na mlango.